Sarafu ya Tembo Iliyoitwa Mapasa

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja huko Swima, sabuni ya mawese ikiwa bado laini, na mama yetu akiigonga kwa muhuri wake wa mbao, kipande kwa kipande. Mimi na dada yangu tulikuwa mapasa, yaani mapacha, tuliofanana hata shangazi alitukosea majina. Dada ndiye tuliyemzika msimu huu, ndiyo maana asubuhi ile imenirudia.

Aliingia jirani yetu Mama Zabibu, mjane, akafungua fundo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na sarafu ya tembo ya wakati wa Wabelgiji, aliyoachiwa na marehemu mume wake. Mfanyabiashara mmoja wa mji wa Baraka alikuwa akitafuta sarafu za zamani ambazo chuma cha kuzipigia chapa kilichorwa herufi mara mbili, na hizo alizilipa vizuri. Kwetu zilipewa jina, sarafu za mapasa. Basi watu wakaamini kwamba kitu cha mapasa kinajulikana na mapasa, wakatuletea sisi wasichana wawili tusiojua lolote.

"Shemeji yangu anangojea neno langu," alisema Mama Zabibu. "Kama iko mapasa, namuachia shamba ya muhogo, mi naenda kutafuta nyumba Baraka. Mutazame muzuri, banangu."

Nilitazama. Kila herufi kando ya tembo ilikuwa kama ina nyingine nyuma yake. Nilimpenda mama yule, na nilitamani acheke tena kama alipokuwa na mume wake. "Iko mapasa kabisa," nilisema. Dada yeye hakuwa akifungua kinywa kabla ya kukigeuza kitu kwenye mwanga.

Mama yetu hakuinua sauti. "We umetazama na macho ao na huruma?"

"Na macho, mama."

"Basi macho yako haiyakunywa chai leo."

Hata Mama Zabibu alicheka kidogo.

Mama alileta vipande viwili vya sabuni. Cha kwanza kilitoka kwa muhuri wetu wa zamani. Mbao yake ilikuwa imelika na michongo imepanuka, kwa hiyo kila herufi ilitoka nene, imevimba, na kitu kama ukungu kimeiegemea upande wa ukingoni. Cha pili kilitoka kwa muhuri ambao fundi aliuchonga, akaona ameenda upande, akachonga tena palepale. Hapo herufi zilikuwa mbili kweli. Kila moja ilikuwa na mgongo wake na kingo zake, na kwenye ncha ungeona ufa mdogo unaozitenganisha. Sabuni zote za muhuri ule zilitoka vilevile, tangu ya kwanza.

"Mapasa banazaliwa pamoja," alisema mama. "Ile ingine ni uzee wa muhuri tu. Na chuma ya kupiga sarafu za franga inazeeka vilevile."

Dada akaenda mlangoni, akailaza sarafu mwanga uipige ubavuni. Alikaa nayo muda mrefu. "Hakuna ufa, Mama Zabibu," alisema polepole. "Ni kivuli."

Mjane alifunga fundo lake, akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Shemeji atangojea mpaka ndevu yake iote mvi." Akaenda zake kupalilia.

Ugali tuliokula kwenye kilio cha dada juzi ulitoka shamba lile lile. Wana wa Mama Zabibu ndio walioubeba.

Siku hiyo watu waliniambia, pole, sasa umebaki kivuli chake. Walisema kwa upendo. Lakini sisi tulikuwa wawili kweli, kila mmoja na kingo zake, ndiyo maana pengo lake nalijua lilipo.

Basi mwanangu, ukiletewa sarafu yenye herufi maradufu, usiisugue ukafuta alama zake, igeuze kwenye mwanga utafute ufa kwenye ncha. Ukiona uvimbe tu, sema ni uvimbe, hata kama anayengoja jibu unampenda. Hapo ndipo uangalie zaidi, kwa sababu huruma isiyosema kweli humnyang'anya mtu shamba lake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwenye huruma ya haraka si ndefu kuliko hiyo.

Mungu akupe jicho lisilosukumwa na moyo, na mtu wa kukaa kimya kando yako mpaka uone vizuri. Muhogo usikauke shambani mwako.