Jicho la Mama Mezani

Fundi alikuwa na jicho. Si kengeza wala husuda; jicho la mama, lile ambalo mtoto akikaziwa huurudisha mkono uliokwisha kufika kwenye sahani. Alilirithi kwa mama yake, naye mama yake kwa bibi, na alipohamia ughaibuni kumfuata mumewe, dereva wa malori, alilibeba pamoja na mkasi wake mzuri. Alipata kazi kwenye duka la kurekebisha nguo: kupinda suruali, kubadilisha zipu, kupunguza viuno vya waliokonda na kupanua vya walionenepa, ambao ndio wengi.

Watoto walikuwa wawili. Dada alikuwa na miaka sita. Mdogo wake, wa miaka mitatu, aliitwa Babu kwa kuwa alirithi jina la babu yake, na kwa kweli alikuwa na ukaidi wa mtu mwenye mvi.

Siku ya kwanza baba yao alipowapeleka mkahawani, Babu alimwaga juisi, akapiga meza kwa kijiko, kisha akadai kwa sauti arudishwe nyumbani akajisaidie kwenye choo chake mwenyewe. Mtu wa meza ya pili alichukua sahani yake akahamia dirishani bila kusema neno. Mume alicheka. "Si watoto tu, mke wangu? Watazoea." Fundi hakucheka. Yule mtu angetukana, angejua la kumjibu. Kule kuhama kimya kimya ndiko kulikomkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Kwetu, alijiambia, wangesema mtoto kamwaga juisi. Huku watasema ndivyo walivyo hawa.

Basi akaanza kufundisha. Samaki mkunje angali mbichi. Jioni alitandika shuka mezani, akapanga sahani na vikombe, akatia kitambaa begani akawa mhudumu. "Karibuni, mabwana wakubwa. Mtakula nini leo?" Babu akaagiza tembo. Mwanzoni walicheka wote watatu, lakini mchezo ule ulikuwa na sheria: miguu haichezi, kijiko hakilii, na mbele za watu hakuna kulalamika. Na siku ya kutoka aliwashibisha kabisa nyumbani, kama alivyoshibishwa yeye utotoni kabla ya kwenda ugenini, wasije wakaonekana wana njaa.

Mambo yakanyooka. Tajiri wake, mama mwenye duka, alikuwa na desturi ya kuwaalika mafundi na watoto wao chakula cha mchana kila mwisho wa mwezi, katika mkahawa wa mtaa huo huo. Watoto wa wenzake walipanda viti, wakaingia chini ya meza, wakatoka upande wa pili na kiatu cha mtu. Wa kwake walikaa kama picha ukutani.

"Wajukuu zangu ni siafu," tajiri alisema. "Wewe hawa umewafanyaje, fundi?"

"Ni malezi tu, mama," alijibu, na kichwa kikamvimba.

Tuseme kweli, hatumsengenyi. Ushonaji wake hakuna aliyeusifu, maana pindo zuri ni lile lisiloonekana. Watoto ndio waliokuwa sifa yake pekee katika nchi ya watu, na sifa ni tamu, ukishaionja unataka tena.

Mara ya nne mhudumu alikuwa mgeni kazini. Alikuja na mabakuli manne ya supu ya moto, mawili mikononi na mawili juu ya vigasha, na alipoinama moja likateleza. Fundi aliona matone mezani. Hakuona kwamba supu yenyewe imemwagikia paja la Dada, chini ya ukingo wa meza, ikanyonywa na gauni zito lenye bitana alilomshonea mwenyewe ili naye aonekane mtoto wa watu. Dada alifungua mdomo. Mama yake, aliyekuwa katikati ya maneno na tajiri, alimkazia jicho, na mdomo ukafungwa.

"Haidhuru," Fundi alimwambia mhudumu, akifuta matone kwa tabasamu. "Hakuna aliyeumia."

Wakakaa karibu saa nzima tena. Ikaja chai, yakaja matunda, tajiri akasimulia habari za goti lake. Dada alikula kila alichopewa, akasema asante mara mbili. Babu alimvuta mama yake mkono, akamnong'oneza, "Dada anatetemeka." Mama akamjibu, "Kula."

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Ya Fundi yalimngoja nyumbani, alipomvua mtoto gauni na bitana ikagoma kubanduka kwenye ngozi. Akachukua mkasi akalikata kombo kuizunguka sehemu ile, yeye ambaye wateja walimwachia hariri bila wasiwasi.

"Kwa nini hukusema?"

"Tulikuwa bado tunakula," Dada alisema.

Zahanatini muuguzi alipiga magoti mbele ya kitanda. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. "Inauma, mwanangu?"

Dada alimtazama mama yake, akasubiri. Muuguzi naye akageuza shingo, akamtazama huyo mama. Fundi alitamani sakafu ipasuke immeze. Akalegeza uso, akatabasamu, akatikisa kichwa kumruhusu. Mtoto aliendelea kumsoma, hajui kama tabasamu lile ni la nyumbani au la mkahawani.

"Sema, mama yangu," Fundi akamsihi. "Sema tu, sitakasirika."

"Kidogo," Dada alisema, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Fundi alimwelewa. Akageuka, akauelekeza uso wake ukutani, karibu kabisa, hadi asione ila rangi iliyobanduka. Akasimama hivyo na mkoba wake mkononi. Nyuma yake muuguzi aliuliza tena, polepole. Kisha Dada akaanza kulia, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na mama yake hakuthubutu kugeuka.