Nilifunga Turubai la Misiba Nipate pa Kulala Porini

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo mchana, likizo ya Desemba, nilipochukua ufunguo wa stoo ya kikundi ukutani kwa shangazi yangu. Mkosaji ni mimi. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenidanganya, na shetani naomba tumwache nje ya hili, maana siku ile hata yeye angenishangaa.

Niko kidato cha tatu, nyumbani ni Ilomba, Mbeya. Jina silisemi. Kule Kilolo kwa shangazi wanalijua tayari, inatosha.

Mimi nina aibu. Siyo aibu ya kujifanya. Mwalimu akiita majina asubuhi naitika kwa sauti ambayo hata ninayekaa naye dawati moja haisikii, naandikwa mtoro nimekaa mbele ya macho ya mwalimu. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa sijawahi kuandika zaidi ya "Amina".

Sasa likizo ile wenzangu wakaanza kurusha picha. Huyu yuko ziwani Matema na familia yao. Huyu amejipiga ndani ya hema, sijui wapi, anacheka. Mimi nilikuwa Kilolo kwa shangazi napalilia viazi. Sijui nini kilinipanda kichwani, nikaandika: "Mimi leo nalala kambini porini. Picha kesho."

Jamani! Kundi zima liliamka. Mmoja akajibu, "Wewe? Wewe unayeogopa kwenda ubaoni?"

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Juu ya kijiji cha shangazi kuna kilima chenye nyasi fupi na mikaratusi michache. Ni ardhi ya kijiji, na kijiji kimesimamisha kibao: ENEO LA KAMBI. BURE. ONDOKA NA TAKA ZAKO. Hakuna choo, hakuna bomba, hakuna mlinzi. Kuna mafiga matatu na upepo, basi. Wazungu wa baiskeli hupita mara mojamoja, wanalala kwenye vihema vyenye ukubwa wa banda la kuku, asubuhi wanaondoka midomo imepasuka kwa baridi. Wanakijiji wenyewe hakuna aliyewahi kulala pale. Nani aache kitanda chake?

Mahali nilikuwa napo. Hema ndiyo sikuwa nalo.

Shangazi ndiye alikuwa mtunza vifaa wa kikundi cha kina mama cha kusaidiana kwenye misiba. Masufuria makubwa, mabenchi, na turubai la bluu lenye mstari mweupe katikati, vyote viko kwenye stoo uani kwake. Msione ni jambo dogo. Shangazi alirudi kijijini baada ya kuachika, hana mtoto, na watu walimsema mpaka akawa anachota maji mchana wa jua kali ili asikutane na mtu kisimani. Siku walipomkabidhi ule ufunguo alipanda basi mpaka Mbeya kuja kutuambia.

Na alinieleza sheria yake mwenyewe, siku ya kwanza tu nilipofika. "Turubai halitoki mpaka mtu afe. Hata harusi halitoki. Hata kipaimara cha mtoto wa mchungaji halitoki. Likitoka bila msiba, na ufunguo unatoka kwangu."

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilijua!

Siku hiyo alikwenda Ipogolo kumwona rafiki yake aliyejifungua, alale huko. Nikasema nalala nalo usiku mmoja, asubuhi nalirudisha. Nani ataona?

Nani ataona! Turubai la bluu, juu ya kilima, kijiji chote kiko chini kinatazama juu!

Nilihangaika na kamba mpaka likasimama katikati ya mikaratusi. Nikawasha moto. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukapanda kama wa tanuri la matofali. Baridi ikaingia, nikajifunga kanga kiunoni na nyingine nikajitanda kichwani. Nikakaa chini nimekunja magoti, nimeinamia simu kutafuta mtandao wa kurushia picha.

Hebu nitazameni mkiwa bondeni. Turubai la kikundi. Moshi. Msichana chini, kajitanda kanga, kainama.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Tumaini, mwenyekiti wa kikundi. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anapanda kilima na mzigo wa kuni kichwani huku analia kwa sauti.

"Mwanangu weee! Nimeliona turubai moyo ukanipasuka! Nani? Nani ametutoka?"

Neno moja tu lingeniokoa. Kilichotoka ni machozi. Akatupa kuni chini, akanikumbatia, akalia kuliko mimi.

"Ni wa upande wa Mbeya?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nyie, kuitikia kwa kichwa ndicho kitu pekee ninachokiweza mbele za watu.

"Mwanaume?" Nikaitikia. "Kijana?" Nikaitikia. "Anaitwa nani, mwanangu?"

Hapo kichwa hakisaidii.

"Obedi," nikasema.

Sina ndugu anayeitwa Obedi. Sijawahi kusoma na Obedi. Sijui alitokea wapi yule mtu.

"Obediii!" Yowe la Mama Tumaini lilishuka mpaka mtoni. Kisha akafuta macho, akaangalia njia. "Mnampokelea huku juu kwa ajili ya matope, eeh? Gari la maiti haliwezi kushuka kule kwenu." Nikaitikia. "Shangazi yako ana akili sana," akasema, akatoa simu kumpigia.

Kufikia jioni kilima kilikuwa kimejaa. Kina mama walileta unga, maharage, maji kwenye ndoo. Wanaume walikwenda stoo kuchukua mabenchi na masufuria, na nilikuwa nimeacha mlango wazi. Wazee walikaa pembeni na pombe yao ya ulanzi. Kila anayefika ananishika mkono na kuniamkia, "Kamwene, mwanetu, pole," na mimi naitikia kwa kichwa.

Mwinjilisti akafungua kwa sala, akauliza kama kuna anayemfahamu marehemu aseme mawili matatu. Kimya. Nikamshukuru Mungu. Nikajua mambo yataishia hapo.

Mzee Kihwele akasimama. Huyu ni jirani yetu, mjane, anaishi na mbwa wake.

"Mimi nilimfahamu," akasema. "Alikuja hapa kipindi cha mavuno. Alinisaidia kufukuza ngedere. Kijana mrefu."

Nikamtumbulia macho.

"Mrefu, ndiyo," akadakia mama mmoja kutoka kwenye sufuria la maharage. "Na alikuwa na mwanya."

"Aliniamkia 'kamwene, mama'! Mtu wa Mbeya huyo, lakini Kihehe anakijaribu!"

"Ila alikuwa na hasira za karibu."

"Aa, wewe! Marehemu unamsema hivyo?"

"Si ninasema zilikuwa za karibu tu!"

Giza linaingia, Obedi alikuwa tayari ana mwanya, anapenda togwa, na ana mchumba aliyemkimbia Makambako. Mimi mwenyewe nilianza kumlilia kwa kweli. Kijana mzuri vile, halafu afe!

Ndipo bodaboda ikanguruma kwenye njia na Shangazi akashuka kabla haijasimama. Kiatu kimoja. Kilemba mkononi. Kwenye simu mtandao ulikatika, akasikia jambo moja tu, kwamba ni kijana wa kaka yake wa Mbeya. Kaka yake ni baba yangu. Na simu ya baba siku hiyo ilikuwa haipatikani.

"Ni nani?" alilia. "Ni nani kati ya watoto wa kaka yangu?"

"Obedi," watu wakamjibu kwa upole.

Kilio chake kilikatika katikati. Akaniangalia mimi. Akaangalia turubai. Akaniangalia tena.

"Obedi," akasema taratibu.

Akaja akaketi karibu yangu, akavuta kanga yangu ikatufunika vichwa vyote viwili.

"Obedi ni nani?"

"Hayupo, shangazi."

"Najua hayupo, amekufa. Ni nani?"

"Hayupo kabisa. Hajawahi kuwepo. Nilikuwa napiga kambi."

"Unapiga nini?"

"Kambi. Kama wazungu wa baiskeli."

Nilisikia pumzi yake tu mle ndani ya kanga.

"Nimelia kutoka Ipogolo," akasema. "Yule kijana wa bodaboda amesimama mara mbili kuninywesha maji. Nilijua ni kaka yako."

Yesu wangu! Ningepewa fimbo mia nisingeumia vile. Nikamrudishia ufunguo mkononi, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Wataniondoa," akanong'ona. "Kitu kimoja tu waliniamini nacho." Kisha akanifinya. "Lia."

"Shangazi?"

"Lia! Wanatuangalia."

Nikalia. Naye akalia, tena kwa sauti kunishinda: "Obedi weee, umeniponza! Obedi, umeniponza mimi!" Na kina mama wote wakampokea, "Umetuponza, Obedi!"

Tulilala hapohapo, kwenye mikeka, kifuani baridi na mgongoni moshi. Kambi yangu hiyo.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa bado chini. Vijana wakaja na majembe na sururu. Mkubwa wao akavua kofia mbele ya Shangazi. "Mama, tumekuja. Tuchimbe wapi?"

Shangazi akashika pindo la kanga. "Mwili... mwili umechelewa, wanangu."

"Tunachimba kabla haujafika, mama. Udongo umelowa, kazi itachukua muda."

Watu wakaanza kutazamana. Ndipo Mzee Kihwele akainuka kwenye benchi, taratibu, kwa magoti yake ya uzee.

"Mchimbieni kwangu," akasema. "Pembeni ya mke wangu pale. Ile nafasi nilikuwa nimejiwekea mimi. Huyu kijana ni mgeni, asilazwe peke yake. Mimi nitatafutiwa pengine."

Jamani.

Nilisimama. "Hakuna Obedi," nikasema.

"Anasemaje?" mtu akauliza nyuma.

"HAKUNA OBEDI!"

Sikujua kwamba ninayo sauti ile. Nikasema yote: ufunguo, stoo, picha, kambi, wazungu wa baiskeli. Nikasema Shangazi alikuwa Ipogolo, hakujua lolote. Mwinjilisti akafunga kitabu chake polepole. Vijana wakashusha sururu.

Halafu Mzee Kihwele akasema, siyo kwa ubishi, kama mtu anayejiuliza:

"Lakini mimi nilimfahamu."

"Sasa yule mwenye mwanya alikuwa nani?" akauliza yule mama wa maharage. Mmoja aliyeshika mwiko akaanza kucheka, akajizuia, akageukia sufuria, mabega yanamtikisika.

Mama Tumaini hakucheka. Akamnyooshea Shangazi mkono, kiganja juu.

"Mama, yeye hana kosa!" nikasema. "Mwizi ni mimi!"

"Wewe una lako, tutalifikia. Yeye ameketi hapa usiku kucha akalia na sisi, na anajua kaka yake hana mtoto anayeitwa Obedi. Kama angetuambia jana tungecheka tukalala majumbani kwetu."

Shangazi hakujitetea. Akafungua pindo la kanga, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha mwenzake. Uso wake siwezi kuuandika. Nimejaribu mara nyingi kwenye daftari langu na kila mara nafuta.

Mimi nilipewa kazi: mpaka likizo iishe, kila msiba wa kijiji nichote maji na kuwasha moto kabla ya mtu mwingine kufika. Nilifanya yote. Haikuniuma. Kinachoniuma ni ule msumari wa ufunguo, mtupu ukutani, na kwamba Shangazi ameanza tena kwenda kisimani mchana wa jua kali. Ananisemesha vizuri, ananipikia vizuri. Afadhali angenipiga.

Wenzangu mlio kama mimi, mnaokufa kwa aibu, nisikilizeni. Mahali pakiwa bure pa kulala, haina maana kwamba kila kitu cha kulalia ni chako. Beba hema lako, kama huna lala nyumbani, hizo picha za watu zitapita. Na mtu akikuuliza jambo ambalo si kweli, sema siyo. Ukishindwa kusema, kimbia. Shuka kilima mbio waseme una kichaa! Ila usiitikie kwa kichwa. Mimi niliitikia mara moja tu, zilizofuata zikaja zenyewe.

Asubuhi ile maharage yalikuwa yameiva, ikabidi yaliwe. Tukala wote. Baadaye nikafungua kamba moja moja, nikalikunja turubai, nikaokota taka zote kama kibao kinavyosema. Nikajitwika turubai kichwani ili nilipeleke kwa Mama Tumaini, upande wa pili wa kijiji.

Nilidhani nitashuka peke yangu. Lakini watu walikuwa wameamka kwenda kuzika, wamevaa vya kuzikia, na njia ya kushuka ni moja. Wakanifuata kwa mstari, vijana na majembe yao begani. Katikati ya mteremko mtu akaanzisha wimbo wa mazishi, nadhani kwa mazoea, na wengine wakaupokea. Watu waliokutana nasi njiani wakasimama pembeni, wakainamisha vichwa.

Na mimi, nyie, nikaimba. Kwa sauti.