Mwalimu wa Nyumba ya Mkandarasi

Katika nyumba ya mkandarasi, mwalimu hakuwa na pa kula. Mezani hakualikwa, na jikoni watumishi walinyamaza kila alipoingia. Basi sinia lake lilipelekwa chumbani. "Wewe ni popo, mwalimu," mpishi alimtania. "Ndege wamekukataa, wanyama wamekukataa." Mwalimu akacheka naye. Angefanyaje?

Aliajiriwa kwa ajili ya binti pekee wa nyumba hiyo, aliyetolewa shule baada ya wenzake kukigeuza kigugumizi chake mchezo. Mwalimu hakumharakisha. Walianza kwa kunong'ona, wakaja kuimba, kisha wakasoma huku wakijipigapiga magotini taratibu, hadi maneno yakaacha kukwama kooni. Mtoto akamganda kama kupe. Akishikwa na homa, alimwita mwalimu kabla ya mama. Mama alisikia, na jambo hilo likamkaa moyoni kama mwiba.

Siku moja baba alialika wageni. Binti akasimama, akasoma shairi zima bila kujikwaa. Mama alimkumbatia, akawaeleza wageni jinsi alivyohangaika naye. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sweta ya mtoto.

Kesho yake, binti akiwa kwa bibi yake, mama alimwita mwalimu sebuleni.

"Kazi imekwisha. Tunashukuru."

Aliomba angalau amuage mtoto. Akaambiwa dereva anamsubiri.

Haukupita muda, kigugumizi kikarudi, safari hii kibaya zaidi. Dereva akatumwa kumfuata mwalimu. Dada wa mwalimu alimsihi asiende, akamuuliza kama kweli mtu hula alichotapika. Mwalimu akafunga sanduku lake. Alisema haendi kwa ajili ya mama yule.

Alimkuta binti chumba cha kusomea, mama yake nyuma ya kiti.

"Mama kasema ulinichoka," mtoto alisema, na kila neno lilitoka kwa kuvutwa.

Mwalimu alimtazama mama. Mama hakukwepesha macho. Kusema kweli pale kungekuwa kumvunjia mtoto mama yake.

"Nilichoka kidogo," akajibu. "Sasa nimepumzika."

Wakaanza upya, kwa kunong'ona. Maneno yakarudi, na mwishowe binti alizungumza kama maji yatiririkayo, na baba, na mpishi, na wageni. Mwalimu peke yake, aliyekiri kuchoka, alijibiwa kwa kutikisiwa kichwa.