Lori Linanguruma, Barua za Jeanette Hazijahama

Saa tatu asubuhi, theluji imeziba madirisha ya ofisi ya madai ya wachimba chuma, kaskazini mwa Minnesota. Verna Lahti amekalia kiti cha mwenzake Jeanette, mbele ya kompyuta yake, na hataki kuinuka. Nje, lori lililokuja kuchukua kompyuta kuukuu linanguruma.

"Wakiitaka mashine hii, waibebe na mimi juu yake," anasema.

Verna ni fundi wa kompyuta. Ofisi inahamishia barua pepe zake kwenye seva mpya, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhia, na yeye ndiye aliyeipanga kazi inayojiendesha yenyewe: inapita kompyuta baada ya kompyuta, inaokota mafaili ya barua za zamani na kuyapeleka huko. Anaifananisha na gari la maziwa. Ndoo iliyo mlangoni linaichukua. Iliyo mkononi mwa mtu linaiacha.

Aliambiwa asiwasumbue makarani. Basi akaiagiza iruke faili lolote lililo wazi, irudi baadaye. Alichosahau ni tabia ya Jeanette Pavlich, karani wa madai ya ugonjwa wa mapafu. Jeanette hafungi barua zake. Akienda kula ziko wazi, akienda kulala ziko wazi, maana wazee wenye vumbi kifuani huandika saa yoyote.

Kila iliporudi, kazi ilikuta faili liko wazi, ikaliruka. Mwishowe ikaandika: imekamilika. Leo asubuhi Verna ameikagua seva, barua za Jeanette hazimo.

"Shoga, si ungeniambia tu nifunge," Jeanette anasema.

"Wewe? Hata mdomo hujawahi kufunga."

Wanacheka, kisha kicheko kinakatika. Ndani ya faili hilo mna barua ambamo kampuni ya mgodi ilimwahidi mzee Arvo Niemi kumlipia mitungi ya oksijeni. Sasa kampuni inakana, na shauri linasikilizwa mwezi ujao.

Meneja, Craig Dunleavy, anajua yote hayo. Verna alimweleza mara tu alipoingia. Akajibiwa kwamba ripoti inasema imekamilika, lori limeshafika, na diski za kompyuta hizi kuukuu zitasagwa leo.

Mimi ninayeandika haya nimezunguka migodi mingi, na kila mahali ni hivi: kifua cha mtu kingoje, lori lisingoje.

Craig anatokea mlangoni, tai shingoni. "Verna, inuka basi. Tusiaibishane mbele ya watu."

"Aibu imeshaingia, bosi. Imevaa tai."

Jeanette anainama na kuifunga programu ya barua. Verna anaianzisha kazi upya, kwa kompyuta hii moja tu. Mstari unaoonyesha kazi ilipofika unaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta. Dereva wa lori ameingia na toroli lake. Anauliza kuna nini, anaambiwa. Baba yake alichimba kwenye mgodi huohuo wa Arvo. Anatoka, anazima injini, anarudi kuomba kahawa. Craig anatazama saa, kisha anatazama viatu vyake.

Likifika faili kwenye seva, Verna atakwenda mwenyewe kwa Arvo kumwambia barua yake ilivyonusurika. Na kazi yake ataipanga upya: ikiruka faili hata moja, itaje la nani, na isithubutu kusema imekamilika.

"Nimechoka," anasema, "na kitu kinachosema kimemaliza wakati mtu bado anakohoa."