Jumanne Niliyomsubiri Topias Chini

Watu wa mji wetu wa Varkaus wakikwambia Topias ni mvivu, waambie Raija amesema wafunge midomo yao. Mimi ni mama yake mdogo, mpishi wa shule, nimemjua tangu hajafikia meza. Sasa ana miaka ishirini na minne, anakaa peke yake ghorofa ya tatu, na kwa miaka mitano amekuwa na kazi moja tu: michezo ya kompyuta. Anacheza mpaka macho yanakuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu. Nikimpelekea mkate wa iliki Jumamosi, ule wa Jumamosi iliyopita naukuta palepale, umekauka.

Dada yangu Marketta alifariki mtoto ana miaka saba. Akabaki na baba yake, Jorma, fundi hodari akiwa mzima, na mnyama akishalewa. Nyumba zetu zilishikana ukuta. Ijumaa Jorma akianza, nilisikia kila kitu, na Jumamosi mtoto alitoka nje mkono umevimba.

Nilifanya nini? Kwetu mtu haingilii nyumba ya mtu. Hugongi mlango bila kualikwa. Ukikutana na jirani kwenye ngazi unatazama viatu vyako. Basi nikamnunulia kimchezo cha betri, cha kushika mkononi. "Mambo yakichafuka, wewe cheza," nikamwambia. Nilijiona mwema kweli, mjinga mimi! Akawa anajificha kwenye sauna yao, chumba cha kuogea mvuke, ikiwa imepoa, benchi la juu kabisa, anacheza kaizima sauti. Jorma alikufa zamani. Kucheza hakukuisha.

Majira ya baridi yaliyopita ofisi ya vijana ilimpatia nafasi kwenye karakana ya baiskeli. Alishashindwa kutokea mara mbili. Sinikka wa ofisini akanipigia: "Jumanne saa tatu asubuhi. Asipokuja, nafasi anapewa mwingine, na foleni ni ya mwaka mzima."

Topias mwenyewe aliniomba. "Mama mdogo, hii naitaka kweli. Nipitie."

"Nikupitie halafu unifanye kituko?"

"Safari hii naenda. Haki ya Mungu."

Jumanne saa mbili na nusu nilikuwa chini ya jengo lake. Baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Nikamwandikia: Nipo chini. Akajibu: Nakuja. Injini nikaizima, maana kuiacha inanguruma hairuhusiwi, nikakaa naganda. Saa tatu kasorobo nikamwandikia tena. Nakuja.

Niliwaza kupanda. Mara mbili nilishika mlango wa gari. Nikajiambia, Raija, huyo ni mtu mzima, usimwaibishe mbele ya majirani, atashuka akiwa tayari. Mimi ninayewafokea watoto mia tatu wasimwage supu, nikatulia kwenye gari kama niko kanisani.

Saa tatu na dakika kumi na tano Sinikka akapiga. "Pole, Raija. Nimemwita aliyefuata."

Hapo ndipo nikapanda. Hasira ilinipandisha ghorofa tatu bila kupumua. Nikaugonga mlango kwa ngumi zote mbili. Jirani akachungulia, akafunga haraka.

Topias akafungua papo hapo, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa amevaa koti, kofia, buti, mkoba begani. Kompyuta nyuma yake inawaka.

"Yaani umevaa kabisa, halafu unacheza?"

"Nimewasha sasa hivi. Mikono ilikuwa inatetemeka."

"Umevaa tangu saa ngapi wewe?"

"Saa moja. Nilishika kitasa, mama mdogo. Nikakiachia. Nikakishika tena. Moyo ulikuwa unataka kutoka."

"Si ungeniandikia hivyo! Unaniandikia nakuja, nakuja!"

"Nilikuwa nasikiliza ngazi. Nikasema moyoni, leo mama mdogo atapanda. Akigonga tu, natoka."

"Nilikuwa nakuheshimu, mwanangu."

"Najua," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angenitukana. "Na kule kwa baba, ulikuwa unaniheshimu?"

Nikamwambia kwamba nafasi imekwenda. Akaitikia kwa kichwa, akavua buti moja moja, akazipanga vizuri kwenye zulia. Uso ulimlegea kama mtu aliyetua mzigo, na hilo liliniumiza kuliko swali lake.

"Ingia basi," akasema. "Nikuchemshie kahawa. Kaa kidogo."

Nikamjibu nawahi kazini, watoto wanasubiri chakula. Nilishuka ngazi upesi, nimeshika ukuta. Siku ile nilikuwa nimeomba ruhusa kazini mpaka jioni.