Gari Zito kwa Mwanamke

Mume wangu alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya sabini, aliniachia shamba la chai, mama yake mzazi, na pikapu moja kuukuu, Landrova inayovuta kwa magurudumu yote manne. Shamba nililijua. Na mama mkwe tulielewana. Ni ile pikapu iliyomleta mdogo wa marehemu mlangoni kwangu kila asubuhi.

"Shemeji, hii gari ni nzito," aliniambia wiki ya pili baada ya mazishi. "Si ya mwanamke. Lete funguo, nitakuwa nakuendeshea."

Nikampa. Kila nikikumbuka nilivyompa kwa mikono miwili, kwa adabu, najichukia. Kuendesha nilifundishwa na marehemu mwenyewe, na leseni nilikuwa nayo kabatini.

Mgala muue na haki mpe: gari lilikuwa zito kweli. Ukilipakia ndizi na kuteremka nalo kutoka Nyaramba wakati wa mvua, usukani uligoma kama fahali aliyekataa kamba. Enzi za marehemu, kwenye kona kali niliuvuta huku nimeinuka kitini, na nikirudi nyumbani mabega yaliniuma hata mtungi wa maji sikuweza kuuinua. Lakini sokoni nilifika. Shemeji alipolichukua, ndizi zangu ziliiva zikaozea uani huku gari langu likibeba mchanga wa rafiki zake na maharusi wa watu nisiowajua. Nikitaka kwenda Kisii, nilikwenda kumwomba, naye alinijibu akiwa ameketi.

Mwaka mzima nilimeza hasira. Kisha nikasikia kwamba gari kubwa la mzungu mmoja wa upande wa Sotik lilipinduka likauzwa vipande vipande, na kwamba lilikuwa na pawa stiaringi, usukani unaosaidiwa na mafuta, mtu anauzungusha kwa vidole. Aliyeununua ule usukani alikuwa fundi wa Nyakoe. Nikamfuata. Nikamwuliza kama anaweza kuuhamishia kwenye Landrova.

Alijikuna kidevu kwa muda. "Inaweza, Mama. Lakini itanisumbua."

Nilimwambia shemeji gari linatengenezwa, akanirudishia ufunguo. Kazi ikamsumbua fundi kweli. Alikuja na sanduku lake la spana akafanya kazi uani kwangu tangu Jumapili. Pampu aliifunga ubavuni mwa injini ili izungushwe na mkanda wa feni. Kisanduku cha usukani kilikataa kukaa mahali pa kile cha zamani, akakata chuma cha plau mbovu ya marehemu akakitengenezea kishikizo. Jumanne mafuta yalivuja kwenye mipira. Jumatano yakavuja tena. Shemeji alipita kila siku kutazama, akacheka, akaenda zake. Alhamisi hayakuvuja, na sikumwona.

Fundi alikuwa Msabato. Sisi ni Wakatoliki. Ijumaa jioni alikuwa chini ya gari akiunganisha mkono wa chuma unaotoka kwenye usukani kwenda magurudumuni. Akachungulia jua lilipo, akaweka spana chini, akatoka.

"Mama, hii nati nimeshika na vidole tu. Haijakazwa. Mtu yeyote asisogeze gari mpaka Jumapili."

"Imebaki hiyo moja?"

"Hiyo moja."

"Si dakika mbili tu, fundi?"

"Sabato imeingia, Mama."

Nilimkasirikia naye pia, sitaficha. Lakini nilimpa uji akanywa, akaenda zake. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko pamoja na mama yake. Nikamgeukia, nikamrudishia maneno yale yale, polepole: nati haijakazwa, gari lisisogezwe. Akacheka. Akasema fundi anayeogopa jua si fundi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi asubuhi nilikuwa shambani nachuma chai, nikasikia injini. Alikuwa na ufunguo wa pili ambao hakuwahi kunirudishia. Nilitupa kikapu nikakimbia, nikipiga kelele mpaka koo likakauka. Alinisikia, aliniona hata, kwa maana alinipungia mkono. Kona ya kwanza aliipita. Ya pili nati ikadondoka, usukani ukazunguka mtupu mikononi mwake, na gari likaingia mtaroni. Taa moja ilipasuka, bampa likapinda, na mguu wake ukavunjika chini ya goti.

Wiki hiyo hiyo wajomba na baba wadogo wa marehemu walikuja kunihukumu. Nimemtegea mtego ndugu wa mume wangu, walisema. Mwanamke anayefungulia gari nati ana jambo moyoni. Mama mkwe ndiye aliyewajibu, bila kuinuka kwenye kigoda chake.

"Aliambiwa. Mimi nilikuwa hapo. Alicheka."

Wakanywa chai yangu wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi. Fundi akarudi, akakaza nati, akanyoosha bampa. Niliwasha injini, nikazungusha usukani ule kwa mkono mmoja, gari limesimama, na nikalia.

Siku ya kutolewa plasta, gari la kumpeleka shemeji hospitali Kisii lilikuwa langu tu. Nikampeleka. Kwenda alinifundisha mahali pa kushika breki. Kurudi alitazama mikono yangu tu.

"Kumbe imekuwa nyepesi hivi, shemeji."

"Ndiyo."

"Basi sasa inafaa mgonjwa. Mguu ukipata nguvu kidogo nitaichukua. Wewe una mabega mazuri, unaweza kubeba ndizi mpaka barabarani."

Likiwa zito ni lake kwa sababu ana nguvu. Likiwa jepesi ni lake kwa sababu hana. Nilisimamisha gari katikati ya mashamba ya chai, maili moja kutoka nyumbani, nikamwambia ashuke. Alidhani natania. Nikazima injini, nikangoja mpaka akaelewa, akachukua mkongojo wake akashuka. Padri aliniambia baadaye nimwombe msamaha. Sijamwomba.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anamenya ndizi za chakula cha mchana. Akaniuliza mwanawe yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani, anatembea, na nikamweleza alichosema. Akazitazama ndizi zilizobaki kwenye ungo, akazirudisha kapuni, akateleka za kututosha sisi wawili.