Mashimo Ine ya Poteau

Siku goti yangu iliharibika, docteur aliniambia rugby inaisha kwangu. Nilikuwa ailier, mwenye mbio kupita bote mu équipe. Nililia siku tatu. Siku ya ine, président wa club, muzee mwenye alichezaga zamani, alikuja kwetu na kaye ya kuandikia mukononi.

"Mwana, miguu inakatala. Sasa kichwa itumike. Uko secrétaire."

Mama alimushukuru. Mi hapana. Niliona ile kazi iko ya bantu ba kusinzia ku kiti.

Lakini mi sijue kufanya kintu polepole. Mu mwezi moja licence ya kila muchezaji ilikuwa na photo, barua ya kuomba terrain ilikuwa imetumwa. Ilibakia match ya mwisho, na équipe ya Sakania. Tukishinda, tunabakia mu division. Tukikosa kucheza, forfait, tunashuka.

Terrain yetu iko ya football. Tangu zamani tunafunga miti ya eucalyptus ku but, ile magoli ya football, na mipira ya magurudumu ya kinga, ni kusema baiskeli, basi, poteau ya rugby njo ile. Na mi nilifunga vilevile, bila kuuliza muntu.

Siku ya match, délégué wa ligue alifika kukagua terrain, alikamata muti moja, aliitingisha na mukono moja tu. Ilianguka. Aliangalia saa yake, alisema règlement inataka poteau ipandwe mu udongo.

"Nakupa saa moja, secrétaire. Kiisha, forfait."

Ba Sakania balikaa ku kivuli. Capitaine wabo alinipigia kelele: "Kaka, sema tu tunashinda, tukamate train mapema!"

Mu saison sèche, wakati hakuna mvua, udongo ya Lubumbashi iko nguvu sawa béton. Mashimo ine, saa moja. Président alishika kichwa. Njo niliangalia ba avants betu, bale ba nguvu banasukumaga kule mbele. Bane mu beye beko bacreuseurs, bachimbaji ba madini, na ile asubuyi balitoka carrière moja kwa moja, vyombo vyabo vya kuchimba mu mifuko. Niliuliza pilier wetu, moja wa bale bane, kama itawezekana. Aliniangalia sawa vile namuuliza kama anajua kula bukari.

"Ku carrière tunachimba hivi mbele ya kunywa chai," alisema. "Lete maji."

Balichimba na maillot ya match mu mwili. Balisimamisha muti, balipanga majiwe ku muguu yake, balimwanga maji, balitwanga, majiwe tena. Pilier alinielezea, bila kuacha kutwanga, ni vile banasimamisha ku carrière miti yenye inashika kilima juu ya vichwa vyabo. Kule hakuna muntu anafunga na mupira ya kinga, juu muti ikitingika, bantu banakufa.

Mbele saa iishe, délégué alirudia. Alisukuma na mukono. Alisukuma na bega. Kiisha, na suti yake yote, alijitundika ku muti, miguu inaning'inia. Hakuna kintu kilitingika. Hata ba Sakania balipiga makofi. Alishuka, alipanguza mikono, aliambia arbitre aanze.

Tulishinda na pénalité moja ya mwisho, mupira ilipita katikati kabisa ya ile miti.

Capitaine wa Sakania alinifuata, sasa na sauti ya chini. Alisema kwabo pia beko banafunga poteau na kamba, na ligue itafika kule wiki yenye inakuja.

"Secrétaire, tuazime bale bantu benu siku moja tu."

"Andika barua," nilimujibu.

Aliketi palepale mu majani, aliomba kalamu.